Uchovu Ulionikuta Nikisomesha Wanangu Nyumbani Tomondo

Mwezi wa Agosti 2022, asubuhi ya Jumanne, nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma wa nyumba yetu hapa Tomondo, Zanzibar, daftari la hesabu la mwanangu wa kati likiwa mapajani, nikashindwa kunyanyuka. Sikuwa na homa, sikuwa nimeanguka, wala hatukuwa na msiba. Watoto watatu walikuwa ndani wakinisubiri niwaambie wafungue ukurasa gani, na mimi sikulikumbuka somo lililofuata, ingawa ratiba niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe na ilikuwa imebandikwa ukutani hatua nne tu kutoka pale nilipokaa. Naandika haya kwa ajili ya mama mwenzangu, hasa Mkristo anayesomesha watoto wake nyumbani kwa kuamini kwamba ameitwa kufanya hivyo, kwa sababu mimi nilichukua karibu mwaka mzima kuelewa kilichokuwa kinanipata, na waliolipa gharama ya kuchelewa kwangu ni watoto zaidi kuliko mimi.

Tulianza bila kukusudia. Machi 2020 skuli zote zilifungwa kwa sababu ya korona, na watoto wakabaki nyumbani. Mkubwa wetu alikuwa na miaka 9, darasa la tatu, katika skuli yenye mikondo miwili, wengine wakiingia asubuhi na wengine mchana, na madarasa yamejaa kiasi kwamba mwalimu, hata awe hodari vipi, hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma. Wangu alikuwa akisoma kwa kukisia: akiona herufi mbili za mwanzo anabuni neno zima. Nikakaa naye kila siku baada ya chai, silabi kwa silabi, na kabla skuli hazijafunguliwa alikuwa anatusomea Injili ya Marko wakati wa sala ya jioni, tena kwa sauti ya kujiamini. Mimi na mume wangu tukatazamana. Yeye anafanya kazi hotelini Kiwengwa, hurudi Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili usiku. Mimi nilikuwa nashona nguo nyumbani. Tukaona tunaweza.

Hapa niseme jambo ambalo wengi huniuliza. Elimu ya msingi Zanzibar ni ya lazima, na mzazi asidhani anaweza kumtoa mtoto skuli kimya kimya akamfungia ndani na vitabu. Tulizungumza na mwalimu mkuu, tukazungumza na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaani, tukaenda ofisi ya elimu, na mwishowe skuli moja ya binafsi ikakubali kuwaandikisha watoto wetu ili wafanye pale mitihani ya kila muhula na ile ya taifa, huku masomo ya kila siku yakiwa nyumbani. Yalituchukua miezi mingi na nauli nyingi. Hata hivyo namshauri mama yeyote amalize hayo kwanza na makubaliano yawe kwa maandishi, kwa sababu wasiwasi wa kuulizwa na mtu mlangoni kwa nini mtoto hayuko skuli ni mzigo ambao hautajwi kwenye ratiba lakini unaubeba kila siku.

Kosa langu la kwanza, ambalo ndilo lililozaa mengine yote, nililifanya kanisani. Januari 2021 nilisimama mbele ya akina mama wenzangu nikatoa ushuhuda kwamba Mungu ameniita kuwalea wanangu katika elimu na katika imani, na kwamba sitaigeuzia kazi hii mgongo. Walipiga makofi, wengine walilia. Nilisema kwa moyo safi na hadi leo naamini niliitwa. Lakini tangu siku ile kila nilipochoka nilijiona nimemkana Bwana, na kila aliponiuliza mtu kama nahitaji msaada nilimjibu haraka kwamba mambo ni mazuri, Mungu ni mwema. Mtu anayefanya kazi ya mshahara akichoka huomba likizo bila kudhani amefanya dhambi. Mimi kazi yangu niliifanya sadaka, na sadaka haiombewi likizo. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote ili anisahihishe.

Kosa la pili lilikuwa la vitabu. Niliagiza kifurushi cha mtaala wa Kikristo kutoka Marekani, ambacho pamoja na usafiri kilitugharimu shilingi 640,000, fedha za kushona miezi mingi. Vilikuwa vitabu vizuri, vyenye theluji, dubu na mashamba ya ngano, na kwa kuwa vilikuwa ghali niliona ni lazima tuvimalize vyote, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na mtaala wa Zanzibar ambao ndio mitihani ingetoka. Kwa maneno mengine, wanangu walikuwa na skuli mbili na mwalimu mmoja. Ratiba ya ukutani ilikuwa na masomo saba kwa siku kwa kila mtoto. Nikiwasha simu usiku nilikuwa natazama picha za akina mama wa ng'ambo wenye rafu za mbao na watoto watulivu, nikalala nikiwa nimeshindwa kabla ya kesho kufika.

Siku yangu ilianza saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, kwa sababu maji kwetu hutoka usiku na lazima mtu awe macho ayapandishe tangini. Baada ya hapo uji, chai, kufua, kisha masomo kuanzia saa mbili hadi saa nane, kisha chakula, kisha cherehani hadi magharibi, kisha kusahihisha madaftari. Mara nyingine umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, ulikatika katikati ya kusahihisha, nikamalizia kwa tochi ya simu. Jumamosi nilishona nguo za watu wa harusi. Jumapili nilifundisha watoto kanisani. Ukizihesabu siku hizo hutaona hata moja ya kupumzika, na mimi niliyekuwa nawafundisha watoto amri ya kuitakasa Sabato sikuliona hilo kwa miezi kumi na minane.

Dalili zilikuja polepole. Kwanza ulikuwa usingizi usionishibisha: nalala, naamka mwili mzito kama niliyebeba matofali. Kisha nikaanza kuwakwepa watoto wangu mwenyewe. Nilikuwa nakaa chooni muda mrefu kuliko haja yangu, kwa kuwa ndipo pahala pekee ambapo hawakuniita. Nikawa nawasahihishia bila kusoma walichoandika. Nikisali maneno yalitoka mdomoni kama ya mtu anayesoma bei za sokoni, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana nilidhani Mungu ameondoka. Nikaongeza kufunga, nikaongeza sala ya usiku wa manane, na kwa hiyo nikapunguza usingizi ambao tayari haukutosha.

Siku ile ya Agosti, binti yangu wa kati, mwenye miaka 8, alikuwa anajifunza kuzidisha kwa saba. Alikwama kwenye saba mara nane. Aliandika 54, akafuta. Akaandika 63, akafuta. Akaandika tena 54. Raba ilikuwa imekwisha, imebaki kijipande cha ukubwa wa punje ya mtama, na karatasi ikatoboka. Nilimnyang'anya daftari kwa nguvu hata penseli ikaruka ikaingia chini ya kabati. Hakulia. Alichofanya ni kunitazama usoni, kwa makini, kama mtu anayetazama bahari kujua kama chombo kitoke au kisitoke, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nitaandika unalotaka." Nikatoka na lile daftari hadi mlango wa nyuma. Mtoto wangu alikuwa ameacha kusoma kitabu, alikuwa ananisoma mimi, na nilipofikiri nyuma nikagundua alikuwa akifanya hivyo kwa muda mrefu.

Nilidhani nina ugonjwa, na ninashukuru nilidhani hivyo, kwa sababu nilikwenda kupima. Nakusihi uanzie hapo. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, sukari, hata mimba changa, vyote vinaweza kumfanya mwanamke awe hivi, na hakuna sala wala ratiba mpya itakayoongeza damu isiyokuwemo mwilini. Mimi damu yangu ilikuwa chini kidogo nikapewa vidonge, lakini daktari, mama wa makamo, hakuishia hapo. Aliniuliza maswali mengi: ninalala vipi, nafurahia nini, nimewahi kutamani nisiamke. Nilisita kujibu. Kwetu hapa ukitaja habari za akili watu hukimbilia kusema Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, na nilihofia litakalosemwa mtaani. Alinieleza kwamba mtu aliyeelemewa na kazi moja huwa bado anaweza kucheka akiwa mbali na kazi ile, lakini sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, humfuata mtu kila anapokwenda na hunyima ladha ya kila kitu. Kwamba wakati mwingine la kwanza huzaa la pili. Na kwamba nikianza kufikiria kujidhuru nirudi siku hiyo hiyo bila kuona haya. Sikufika huko. Mama mwenzangu, kama wewe umefika, acha kusoma hapa uende hospitali leo, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani kabla hujatoka.

Daktari alinitajia pia kwamba Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii ya uchovu wa kazi mwaka 2019 kuwa inatokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, na alama zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yako kwa moyo au kuichukia, na kuona huna tena unaloliweza. Shirika linaihesabu kuwa jambo la kazini, wala haliiiti ugonjwa. Nilipomwambia kwamba mimi sina kazi, niko nyumbani tu, aliweka kalamu mezani akanitazama bila kusema neno.

Baadaye nilisoma kuhusu wanasaikolojia wawili wa Ubelgiji, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, ambao wamechunguza uchovu wa namna hii kwa wazazi hasa. Mwaka 2021 wao na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika katika nchi 42, na walichokiona ni kwamba uchovu wa ulezi ni mkubwa zaidi katika jamii ambazo kila mtu hujitegemea mwenyewe. Nililisoma hilo mara mbili. Mimi naishi Tomondo, ambako huwezi kukaanga samaki bila jirani kujua ni samaki gani, ambako mtoto akianguka barabarani huokotwa na mtu wa kwanza kufika, na bado katikati ya mtaa huo nilijijengea nchi yangu ndogo ya mtu mmoja na kufunga mlango.

Dawa ya kwanza niliyojaribu haikufaa. Nilichukua watoto tukapanda meli hadi Pemba, kwa mama yangu Wete, nikalala wiki nzima. Nilirudi nimenawiri, na kufikia siku ya nne nilikuwa palepale kwenye ngazi. Mzigo ulikuwa unanisubiri mlangoni vile vile nilivyouacha, haukupungua hata gramu moja. Simzuii mtu kupumzika, ila namwambia kwamba mapumziko bila kupunguza kazi ni kama kupaka rangi ukuta unaovuja.

Aliyenitoa ni jirani yangu wa ng'ambo ya uchochoro, bibi mmoja Mwislamu, mwalimu mstaafu aliyesomesha hesabu skuli za serikali kwa zaidi ya miaka thelathini. Tangu mwanzo alikuwa ameniambia, "Mwanangu, nina nafasi, niletee hao watoto barazani nikusaidie hesabu," nami kila mara nilimshukuru na kukataa. Nitasema kweli kwa nini nilikataa. Niliogopa wenzangu kanisani wangesema nimetoa ushuhuda kwamba nawalea wanangu katika imani kisha nimempa Mwislamu awasomeshe. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akituletea futari, sisi tukimpelekea keki ya Krismasi, na bado sikuona kwamba mtu niliyemwamini kwa chakula cha wanangu naweza kumwamini kwa kuzidisha na kugawanya.

Jioni moja ya Septemba alipiga hodi akanikuta nalia jikoni, muhogo umeungua sufuriani. Hakuniuliza kitu. Aliuepua muhogo, akakwangua ulioungua, akatia tui kwenye uliobaki, akawapakulia watoto. Kisha akakaa kwenye mbuzi ya nazi, magoti yakimuuma, akaniambia, "Nabii Musa alitumwa na Mungu mwenyewe, na akaomba apewe nduguye Haruni amsaidie. Wewe, mwanangu, umemuomba nani?" Nikamwambia, "Bi mkubwa, mimi nimeomba nguvu tu." Akasema, "Basi hukuomba mtu."

Usiku ule nilifungua kitabu cha Kutoka, nikamkuta Haruni pale anapotajwa, nikaendelea kusoma hadi sura ya 18, ambapo Musa anakaa kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni na mkwewe Yethro anamwambia kwamba jambo analofanya si jema, atachoka yeye na watu wake pamoja naye. Nimelisikia somo hilo tangu utotoni. Sikuwahi kutulia kwenye maneno kwamba Yethro alikuwa kuhani wa Midiani, mtu wa nje, na Musa akamsikiliza na kufanya yote aliyomwambia.

Tulichokibadilisha kilikuwa kichache lakini kizito. Watoto wakaanza kwenda barazani kwa bibi asubuhi tatu kwa wiki, hesabu tu, na tulikubaliana waziwazi kwamba mambo ya dini kila mmoja anafundisha ya kwake nyumbani kwake. Alikataa fedha, nampindia kanga zake na kumshonea nguo za Sikukuu. Masomo saba yakawa matatu kwa siku, na saa tano na nusu madaftari yanafungwa hata kama sentensi haijaisha. Vitabu vya Marekani nilivifunga kwenye boksi, na siku ile moyo uliniuma kwa ajili ya zile 640,000, lakini fedha iliyokwisha kutoka hairudi kwa kuwachosha watoto. Mume wangu akapewa kazi ya maji: alinunua kifaa cha kuwasha na kuzima pampu chenyewe tangi likijaa, na kwa kitu hicho kimoja nikarudishiwa saa moja na nusu ya usingizi kila usiku. Ningeomba mapema, ningeipata mapema. Alidhani napenda kuamka alfajiri kwa ajili ya kusali.

Kanisani ilikuwa ngumu zaidi. Nilimwendea padri nikamwambia nataka kuacha darasa la watoto kwa mwaka mmoja, na nilijitayarisha kwa hoja. Aliniuliza tu ni nani niliyemfundisha kazi ile ili anipokee, nikakosa jibu. Sikuwa nimemfundisha yeyote. Basi nikabaki majuma sita nikimwelekeza kijana mmoja, kisha nikakaa kwenye benchi kama waumini wengine, na Jumapili ya kwanza nililala wakati wa mahubiri.

Hofu haikuondoka mara moja. Nilikuwa na hakika kwamba nikigeuka kidogo mambo yataharibika. Oktoba ile niliwapeleka watoto Mkunazini kwa somo la historia, kwenye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, na ujenzi wake ukasimamiwa na Edward Steere, aliyepata kuwa askofu mwaka uliofuata. Wanaotembeza wageni huonesha zile nguzo za upande wa nyuma na kusimulia kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu askofu alipokuwa safarini. Mkubwa wangu alicheka, binti yangu akainamisha kichwa hadi karibu na sakafu ili azione zilivyotakiwa kuwa. Mimi nilisimama pale muda mrefu, nikaziangalia nguzo, kisha nikaangalia juu kwenye paa, ambalo bado lipo.

Na ni kweli baadhi ya mambo yalikwenda kinyume na nilivyotaka. Kijana wa kanisani anafundisha nyimbo ambazo mimi nisingezichagua. Bibi jirani hugawanya kwa njia ya zamani ambayo iliwachanganya watoto wiki mbili. Mkubwa wetu, nilipomuuliza bila kumwekea jibu mdomoni, aliniambia anataka kurudi skuli awe na wenzake, na Januari 2023 akaingia darasa la sita. Nililia peke yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyeanzisha yote. Mwenzangu, ukifika hapo usimfanye mtoto abebe ushuhuda wako. Mimi niliurudia ule ushuhuda wangu mbele ya akina mama wale wale, safari hii nikieleza nilivyoanguka, na baada ya ibada wanne walinifuata nje, mmoja mmoja, kila mmoja akihakikisha mwenzake hasikii.

Binti yangu nilimwomba radhi siku ya tatu baada ya lile tukio, lakini radhi haikutosha. Ilichukua karibu muhula mzima kabla hajaacha kunitazama usoni kila anapotoa jibu. Nilichogundua kinamsaidia ni mimi kukosea mbele yake: nikikata kitambaa vibaya namwita aone, nafumua, naanza upya, bila haraka.

Hali hurejea. Mwezi wa Machi huwa mzito kwangu, joto likiwa kali na nguo za kushona zikiwa nyingi, na nimejifunza kwamba nikianza tena kukaa chooni bila sababu, siku hiyo hiyo namwambia mume wangu kwa simu na tunaondoa kitu kimoja kwenye wiki. Sala zilirudi baada ya usingizi kurudi, kwa mpangilio huo, na siku hizi sioni haya kulisema.

Jumatano iliyopita usiku mdogo wetu, ambaye sasa ana miaka 7, alikuwa na kikohozi, na kulipokucha nilikuwa sijafumba jicho. Alipopata nafuu akaenda barazani na dada yake, mimi nikajilaza. Kupitia dirishani nilimsikia akikariri kuzidisha kwa saba kwa sauti ya kuimba, akafika kwenye saba mara nane, akanyamaza. Nikasubiri. Bibi akamwambia aanze tena toka mwanzo, taratibu, hakuna anayemfukuza. Nikageukia ukutani nikalala.